Baba, Bodi ya Kimani Tumeipata

Baba,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimekaa hapa na kalamu na nimeshindwa nikuulize nini. Basi wacha nianze na hali yetu, maana hiyo ndiyo ungeuliza kwanza, kwa sauti yako ile ya juu ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio ng'ambo ya barabara: "Maitu, mko aje hapo nyumbani?"

Tuko, Baba. Tuko vizuri kuliko ulivyotuacha.

Mama ameanza kula. Anagombana na kuku tena, jambo ambalo lilikuwa limeisha kabisa, na ukimsikia akimwambia yule mwekundu kwamba anakula bure kama mgeni wa wiki mbili, unajua nyumba inarudi. Mimi bado niko Isinya kwenye kazi ya maua. Mvua ilinyesha Kisaju ikaruka Kitengela, kawaida yake. Rafiki yako wa Mashuuru, yule mliyekuwa mkinunua ng'ombe pamoja, hupiga simu kila siku ya soko. Hana la kusema. Anasalimia Kimaasai, "Sopa, Mama Wanjiku," Mama anaitikia, "Epa," halafu wananyamaza wote wawili mpaka nadhani laini imekatika. Mwishoni anasema ng'ombe wamepanda bei, anaaga. Mama husubiri hiyo simu tangu asubuhi, na hajawahi kutueleza kwa nini.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya ndugu yangu Kimani.

Sikutaka kukwambia mapema. Nilikuwa nikija pale ulipolala nakwambia yuko sawa, na sasa ninaweza kusema kwamba hakuwa sawa. Tulipotoka kukuzika aliingia chumba cha nyuma, kile cha mabati, akakaa. Chuo aliacha kwenda. Chakula alikuwa anapelekewa. Ukimwita anasema "mm", ukimuuliza kitu anasema "mm", na huyu ndiye kijana uliyekuwa ukimwomba anyamaze kidogo angalau usikie habari. Wewe ulikuwa unamwita Baba kwa kuwa amebeba jina la baba yako, vile mimi uliniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, na ndani ya nyumba hii mtu akiita "Baba" mlikuwa mnaitika wawili halafu mnacheka. Hilo jina halikutoka mdomoni mwake tena. Akilazimika kukutaja alikuwa anasema "yeye". Na ile siku ya soko, siku uliyoanguka, yeye peke yake ndiye alikuwa na wewe, na hakuwahi kutuambia neno.

Niliogopa. Nilianza kuona kwamba tumezika mmoja, na wa pili anaenda polepole tukimtazama.

Unakumbuka ahadi yako. Alipopita mtihani ulimuuza yule mtamba wa kahawia ili ajijengee kompyuta ya kucheza gemu, aiunge mwenyewe kipande kwa kipande. Watu wa kanisa walishangaa. Mtamba mzima, kwa mchezo? Ukawaambia kila mtu ana malisho yake, na huyu mtoto wako malisho yake yako kwa waya. Mkaenda pamoja mkanunua prosesa kwanza, ule ubongo wa mashine. Mliporudi ukaiweka mezani, ukaizunguka, ukauliza, "Sasa hii ndiyo mtamba wangu?" Ilikuwa ndogo kama biskuti. Ukaifungia kabatini katikati ya vikombe vya harusi vya Mama na ukapiga marufuku mtu yeyote kulifungua hilo kabati, hata Mama, na vikombe ni vyake. Pesa iliyobaki ilikuwa ya motherboard. Ukaondoka kabla hamjaitafuta.

Mama ndiye alisema pesa ya ahadi hailiwi. Aliniita jikoni akanikabidhi, akasema nimtafutie Kimani hicho kitu kilichobaki, pengine ataamka. Nikaenda kumwambia Kimani. Akanijibu akiwa ameangalia ukuta: "Sitaki. Mrudishe mtamba."

Basi, Baba, mimi, mtu ambaye kompyuta naijua kwa kuingiza namba za maboksi ya waridi, nikaanza kusomea motherboard. Saa ya chakula wenzangu wanapiga stori, mimi niko na simu naangalia video za watu wa mbali wakieleza. Mwanzoni sikuelewa kitu. Kidogo kidogo nikaelewa kwamba motherboard ni ule ubao ambao kila kitu kinakaa juu yake, na stima ya prosesa inapita hapo kwanza. Nikaelewa kwamba prosesa uliyomnunulia ni ya aina inayoweza kusukumwa, yaani ikimbie kuliko vile kiwanda kilivyoipanga. Vijana wanaita ku-overclock. Hiyo ndiyo sababu aliipenda, anapata mbio ya mashine ghali kwa bei ya mashine ya kawaida. Ila prosesa peke yake haitoshi. Kuna bodi zimefungwa kiwandani, husukumi chochote. Kuna zingine zimefunguliwa lakini njia zao za stima ni nyembamba, ukisukuma zinapata moto na mashine inajichokea yenyewe. Na zile nzuri kabisa za kusukuma, bei yake hata mtambo wa kuchimba kisima ungeogopa. Pesa yetu haikuwa ya hizo.

Kwa hivyo nilikuwa natafuta bodi ya bei ya chini ambayo ndani yake kuna nguvu ambayo haijatumika bado. Siku niliyolielewa hilo nilicheka na githeri mdomoni. Wenzangu wakaniuliza ni nini.  Ilikuwa ni kazi yako, Baba. Nimeiona tangu niko mtoto.

"Nunua mfupa, nyama utaweka mwenyewe." Ulinipeleka soko la Isinya nikiwa darasa la tano, sketi ya shule na soksi zimejaa vumbi. Ulipita wale ng'ombe wanono wanaong'aa, wale ambao kila mtu amewazunguka, ukaenda kusimama mbele ya ndume mmoja mkondefu ambaye hata mwenyewe alikuwa anamwonea haya. Ukashika mgongo. Ukaangalia kwato, ukapima kifua kwa macho, ukamfanya atembee. Watu walikucheka waziwazi. Mvua iliponyesha na majani yakatoka, huyo ndume alijaa mpaka mlango wa boma ukawa mdogo, na wale wale waliocheka wakaja nyumbani kuuliza bei. Uliniambia unono ni kitu cha msimu, lakini mfupa haununuliwi baadaye.

Nikaanza kutafuta mfupa. Kwa bodi uko kando ya pale prosesa inapokaa: kuna vidude vya mraba vya kijivu vimejipanga, vinagawana stima, na juu yake kunatakiwa kuwe na kipande kinene cha alumini cha kupoza. Hapo ndipo nilikuwa naangalia. Zile taa na maandishi ya kutisha niliachana nazo, hizo ni pembe.

Tatizo ni kwamba kujua mahali pa kuangalia si kujua kuchagua. Ulininunulia macho, hukuninunulia miaka yako. Na katika nyumba yetu mtu mmoja tu ndiye alikuwa anazijua hizi bodi kama majina ya ndugu zake, na yeye alikuwa anasema "mm".

Hapo ndipo nikakumbuka ujanja wako mwingine. Ulikuwa ukitaka mwenye ng'ombe akuonyeshe mzuri, unamsifu yule mbaya. Unasimama hapo unamsifu mpaka mwenyewe anaona aibu, anakushika mkono, anakwambia, "Mzee, hapana, kuja huku." Umenifanya niangue kicheko mara ngapi kwa hiyo tabia.

Jioni moja nikapeleka chakula chumba cha nyuma na sikutoka. Nikaweka simu kando ya sahani yake. Ilikuwa picha ya bodi iliyojaa taa, nyekundu, kijani, zambarau, kama baa ya hapa barabarani mwisho wa mwezi. Nikamwambia nimeshaipata, kesho naenda kulipa. Akaiangalia kwa jicho moja.

"Hiyo?"

"Eeh. Iko na taa. Na imeandikwa gaming hapo juu."

Nilimwona akijaribu kunyamaza, Baba. Alijaribu kabisa. Alichukua ugali, akaurudisha. Akachukua simu. "Ciku," akaniita kwa kifupi cha Wanjiku, "hii ni takataka." Akaikuza picha kwa vidole. "Si uone hapa. Upande huu hakuna kitu cha kupoza, wamefunika na plastiki ikae kama chuma. Ukiisukuma kidogo tu itakuwa jiko. Nani amekudanganya hivi?" Nikamwambia muuzaji ameniapia. Hapo ndipo alishikwa na hasira, na ile hasira ikabeba maneno yote aliyokuwa ameyaweka tangu tukuzike. Aliongea mpaka ugali ukakauka. Nilikuwa naitikia tu, na nikiona anapunguza mwendo nauliza swali la kijinga makusudi, anaanza upya. Mama alikuwa amekuja kuchukua sahani. Alisimama nje ya mlango na sufuria mkononi, hakuingia, hakuondoka, aliogopa hata kuhamisha mguu.

Asante kwa hilo soko, Baba. Hukujua ulikuwa unanifundisha kumrudisha ndugu yangu.

Kesho yake alikuja jikoni mwenyewe akaniambia anachotaka, ameegemea mlango kama mtu anayefanya hisani. Iwe bodi iliyofunguliwa. Alumini iwe pande mbili. Nafasi za RAM, ile kumbukumbu ya mashine, ziwe nne, ajaze mbili sasa, zingine zingoje. Na nyuma iwe na kitufe cha kuilisha programu mpya, kwa sababu bodi za bei hii hukaa dukani mpaka zinasahaulika, halafu ukiweka prosesa iliyozaliwa baadaye haiitambui, na wewe unadhani umeuziwa mbovu. Nikamuuliza, na wifi? Akasema wifi ni uvivu, atavuta waya. Na taa? Akaniangalia tu.

Lakini dukani alikataa kwenda. "Enda wewe, nimekwambia kila kitu." Nikamwambia sawa, nitaenda, wakinipa ile ya plastiki nitaichukua kwa sababu mimi sina macho. Akavuta pumzi ndefu ile yako, ile ya kuonyesha dunia inakuonea, akainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. Vilikuwa na utando wa buibui. Alivikung'uta nje na tukaondoka.

Duka liko ghorofani huko mjini, limebanwa kati ya kinyozi na mama anayeuza nguo za watoto. Muuzaji ni kijana mwenye mdomo mtamu. Mimi ni madam, Kimani ni boss. Nilifanya kama wewe. Sikuuliza tulichokuja kutafuta. Nikazunguka, nikashika printa, nikauliza bei ya vitu ambavyo sina haja navyo, nikaguna, nikaelekea mlangoni, nikarudi. Kimani alikuwa amesimama kando akijifanya hanijui. Halafu nikauliza kuhusu bodi tatu, ile yetu nikaiweka katikati, kwa sababu uliniambia unachokitaka usikiulize cha kwanza wala cha mwisho.

Akatufungulia boksi. Kimani akaishika bodi kwa kingo zake, akawasha tochi ya simu, akaangalia lile tundutundu la kukalia prosesa, akapitisha kidole juu ya alumini, upande huu na upande ule. Haikuwa na uzuri wowote. Nyeusi, imechorwachorwa kijivu kama kitambaa cha suruali ya mzee. Akanitingishia kichwa kidogo sana, na mimi nikaanza bei. Sitakueleza ile bei ilivyokwenda, ungejivuna huko uliko na si vizuri.

Tukakubaliana. Na hapo, Baba, mkono wangu ulijiendea wenyewe. Unajua vile wewe na mwenye ng'ombe mlikuwa hamjamaliza kushikana mikono, kabla hata pesa haijatoka, umeshatoa kopo lako la rangi ya kijani umempiga ng'ombe mstari kwenye nyonga ya kushoto. Ulikuwa unasema kati ya mkono na mfuko ng'ombe anaweza kubadilika. Mimi nilikuwa na ile kalamu nene ya kazini, ya kuandikia maboksi ya maua, ya kijani pia. Nikaitoa kwa mkoba nikapiga mstari kwenye boksi la motherboard. Upande wa kushoto.

"Madam, unafanya nini?"

"Naweka alama. Kwetu tunanunua hivyo."

Duka likacheka. Kinyozi alikuja na mashine yake mkononi kuona ni nini, mteja wake akabaki na kichwa nusu. Kimani alikuwa anatazama dari. Muuzaji akasema hapana, madam, hiyo ni ya kuonyesha watu, imeshikwashikwa, ngoja nikutolee mpya ya stoo ambayo haijafunguliwa. Akapiga simu. Ikaletwa imefungwa na nailoni yake, inang'aa, rangi ile ile, picha karibu ile ile. Ukweli ni kwamba ilipendeza kuliko yetu. Kimani alikuwa ameshanyosha mkono.

Nikasema hii haina alama.

"Ni ile ile, madam."

"Sijakataa. Lakini haina alama."

Sikujua kitu kingine, Baba.  Nilijua tu kwamba wewe hungetoka sokoni na ng'ombe asiye na mstari, hata kama ni pacha wake. Kimani akaona nimekaza, akageuza boksi, akaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Alisoma, akasoma tena. Halafu akaiweka juu ya meza taratibu. Ilikuwa ni ndugu mdogo wa bodi yetu. Ukoo mmoja, lakini upande mmoja hauna alumini, nafasi za RAM ni mbili, na imefungwa kabisa, haisukumiki. Tungefika nayo nyumbani na ingewaka vizuri, ingefanya kazi, na Kimani angegundua baada ya nailoni kutupwa kwamba prosesa ya mtamba wako itatembea tu maisha yake yote.

Muuzaji alisema mtu wa stoo amekosea. Inaweza kuwa kweli, siingii mioyo ya watu. Alituomba radhi, tukachukua yetu yenye mstari, tukamwambia asante.

Tukiwa kwenye ngazi nikaona mabega ya Kimani yanatetemeka. Nikadhani ameanza kulia nikashika mkono wake. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini pale pale kwenye ngazi, watu wakawa wanaturuka. "Umechora motherboard kama ng'ombe," alisema. "Ciku. Umeichora nyonga." Na mimi nikakaa. Tulicheka mpaka tumbo likauma, na tulipopumzika akasema polepole, "Hata yeye alikuwa anachora kushoto." Yeye. Nikaacha hapo hapo, sikutaka kusukuma.

Jumamosi Mama mwenyewe alifungua kabati. Akaitoa ile prosesa katikati ya vikombe, akalifuta boksi lake kwa ncha ya leso, akampa Kimani kwa mikono miwili, vile watu hupeana mtoto mchanga. Vipande vingine Kimani alikuwa ameshavikusanya kidogo kidogo kabla hujatuacha. Boksi la kuvalisha mashine ni la kompyuta kuukuu ya ofisi, fundi wa mageti alimkatia matundu ya feni kwa grainda. Haina sura. Lakini aliposhusha ile prosesa kwenye nafasi yake, niliutazama mkono wake nikafurahi, kwa sababu ni mkono wako kabisa, vidole vifupi na kila kitu.

Iliwaka. Lakini kuwaka si habari, hata ile nyingine ingewaka.

Jumapili tulipotoka kanisani akaanza kuisukuma. Alichagua saa nane makusudi, wakati kile chumba cha mabati kinaoka mikate. Alisema ikivumilia hapa saa hii itavumilia popote. Mimi nilikaa kitandani na karai la minji, zile njegere mbichi, nikimenya, si kwamba nilikuwa naelewa, nilitaka tu kuwa hapo. Anaongeza mwendo kidogo, anaipa kazi ngumu ya kuijaribu, tunangoja, anaangalia joto, anagusa alumini kwa mgongo wa mkono, anaongeza tena. Bodi ilibeba. Ikabeba tena. Alikuwa ananieleza na uso umechangamka, na mimi nikawa namshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha akaongeza mara moja zaidi na skrini ikawa nyeusi. Feni zikanyamaza.

Niliruka, karai likaenda huko, minji ikatapakaa chumba kizima. "Kimani, imekufa." Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikuipenda. Yeye hakusimama hata. Alinyosha mkono mmoja kunituliza.

"Ngoja. Inajaribu."

Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Ikazunguka tena, ikasimama.  Mara ya tatu ikazunguka ikaendelea, na skrini ikarudi, maandishi meupe. Akaniambia hakuna kilichoharibika. Ameiomba zaidi ya nguvu zake, imekataa, bodi yenyewe imejirudisha pale ilipokuwa imetulia. Bodi mbaya isingerudi hivyo. Akashusha mwendo hatua moja. Halafu akaacha mikono juu ya magoti na hakuendelea.

"Nilingoja hivi hivi," akasema. Hakuwa ananiangalia. "Nilimwita, nikangoja."

Akanieleza, Baba. Yote. Kwamba ulikuwa unahesabu ng'ombe na ukasimama katikati ya hesabu. Kwamba aliweka kichwa chako juu ya paja lake, vumbi likiwa limejaa, na watu walikuwa wanapiga kelele mleteeni maji, mpeni hewa, na yeye alikuwa anakuita na kila akikuita anangoja, kwa sababu alidhani akingoja vizuri utarudi. Kwamba ulifungua macho mara moja ukamwita Baba, kwa jina la baba yako, halafu basi. Amebeba hiyo peke yake muda huu wote. Alidhani akitupatia na sisi itatuvunja.

 Nilishuka sakafuni nikaanza kuokota minji, kwa sababu ilikuwa hapo na ilihitaji kuokotwa. Akashuka na yeye. Tuliokota wote wawili kwa magoti, chini ya meza, chini ya kitanda, na hapo chini ndipo alilia. Alilia kwa sauti, vile mtu anatakiwa kulia. Nilimwacha. Nilimshika kisogo tu.

Sasa ninajua uliondoka mikononi mwa mtu aliyekupenda na uliondoka ukimwita. Nashukuru kwa hilo. Nilikuwa nimejiambia mambo mengine mabaya zaidi.

Baada ya muda alienda bombani akanawa uso, akarudi, akaketi. Alianza jaribio upya kwa ule mwendo wa hatua moja chini, na ikakimbia. Ilikimbia mpaka jua likaegemea, alumini ikiwa vuguvugu tu, na alipofungua gemu lake la magari barabara ilikuwa inapita laini bila kukwamakwama, haraka kuliko kiwanda kilivyoruhusu, kwenye bodi ambayo watu wa taa wangeipita bila kuigeuza. Akaangalia kidogo. Akasimama, akaenda mlangoni, akaita mpaka jirani wakasikia:

"Mama, kuja uone kompyuta Baba ameninunulia."

Mama alikuwa kwa kuku. Alikuja na mahindi bado mkononi, hakuyaweka popote, akasimama nyuma ya kiti chake akaangalia magari. Najua hakuwa anaona magari. Alimwambia, "Ni nzuri sana, Baba." Na Kimani akaitika.

Basi hiyo ndiyo habari. Jumatatu alirudi chuo. Bado kuna siku anasema "mm", lakini sasa ni "mm" ya mtu aliye na kazi mbele yake. Jana ameniambia anataka twende soko la Isinya, yeye ndiye amesema, si mimi. Nakuahidi nitaenda naye. Sitamshika mkono kama hataki, nitatembea kando. Tutafika pale ulipoanguka, tutasimama, tutakusalimia vizuri.

Halafu nitamrudisha nyumbani.

Pumzika sasa, Baba. Asante kwa yote.

Ni mimi, binti yako,
Wanjiku